Jua la Singapuri

Jumamosi saa nne asubuhi, Mkaguzi Ansbert alilisukuma jalada juu ya meza mpaka likagota kwenye kiwiko cha Sajini Mfaume.

"Jumatatu saa tatu Kasiani anapandishwa kizimbani," alisema. "Kesi ya kuua. Kama una la kuongeza, liongeze leo. Kesho mie nina ubatizo."

"Tezo linanisumbua, afande."

"Tezo ni lake. Mafundi wote wa pale Mtoni wamelitambua kwa mpini. Damu ya mjomba wake imekutwa kwenye ufa wa mpini huo huo. Unataka liseme lenyewe?"

"Limeshasema. Lilikutwa limeoshwa kwa maji, na kutu imeanza. Fundi wa vinyago haoshi tezo kwa maji. Analifuta kwa mafuta. Hata akipandwa na wazimu, mkono wake utakwenda kwenye kopo la mafuta."

Ansbert akawasha sigara. "Mtu aliyemuua mjomba wake hafikirii kutu."

"Ndiyo hapo. Hafikirii. Mkono ndio unaofikiri."

"Haya, mpelekee hakimu mkono huo uone atakavyocheka."

Mfaume alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi, na alijua Ansbert akianza mzaha ujue amefunga mlango. Akalichukua jalada, akatoka nalo hadi kwenye benchi la ukumbini. Ndani, juu ya karatasi zote, kulikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Lilikutwa chini ya kigogo alichokuwa akikalia marehemu Gregori, mjomba wa Kasiani na fundi mkuu wa vinyago wa Mtoni, Temeke. Juu ya daftari hilo pameandikwa kwa wino wa buluu: SAFARI YA SINGAPURI. SIKU NNE. MATUMIZI MADOGO.

Mwandiko ulikuwa wa Jamali Fakihi, dalali wa vinyago, mkazi wa Kinondoni. Gregori alichonga, Jamali akauza. Mwaka mzima walikuwa wakiipanga safari hiyo: Jamali achukue vinyago vidogo vidogo, kilo zile zinazoruhusiwa kwenye ndege, akavitafutie wanunuzi Singapuri. Jamali aliondoka Jumapili, wiki mbili zilizopita. Ijumaa iliyofuata, jioni, Gregori alipigwa tezo la kichwa ndani ya banda lake. Jumapili yake Jamali akarudi, akakuta rafiki yake keshazikwa. Alilia mbele ya watu. Wakati Gregori anauawa, yeye alikuwa ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyemwuliza zaidi ya hapo, isipokuwa Mfaume aliyepeleka simu ya maandishi kwa shirika la ndege kule Nairobi, anakobadilisha ndege abiria wa Singapuri. Siku ya tano ilikuwa inakatika bila jibu.

Kwenye ncha ya benchi alikaa Yustina, mke wa Kasiani, na sufuria lililofungwa kwa kanga mapajani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Amekula?"

"Wamesema nisubiri." Akalikaza fundo la kanga. "Afande, wanasema kesi hii ni ya kamba ya shingoni. Kweli?"

"Akitiwa hatiani, kweli."

Yustina akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa nauli. Mfaume akamchukulia sufuria, akamwachia kanga, akaenda nalo mwenyewe mahabusu.

Kasiani alikuwa kijana mfupi, mikono imejaa makovu madogo ya patasi. Walikuwa wamemvua mkanda na viatu. Alikula akiwa amechuchumaa, na Mfaume akamsimamia mpaka akafika nusu ya ugali.

"Nieleze tena mligombania nini na mjomba wako."

"Safari. Nilisema vinyago tunachonga sie, kwa nini aende Jamali? Mjomba akasema Jamali anajua Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza cha Jamali ni cha redio, hata muuza karanga hawezi kumwuliza bei. Majirani wakasikia."

"Hiyo ni mwezi uliopita. Mara ya mwisho je?"

"Alhamisi. Alikwenda Bunju kulisubiri lori la magogo ya mpingo linalotoka Bagamoyo. Akarudi mikono mitupu. Nikamwuliza, magogo yako wapi? Akacheka. Akasema, 'Kumbe Singapuri ni karibu hivi, Kasiani. Hata pasipoti huhitaji.'" Kasiani akaliweka tonge chini. "Nikajua ananisimanga. Nililibwaga tezo pale pale kwenye kigogo, nikatoka. Sikurudi tena bandani."

Mfaume akafungua jalada, akasoma kwa kidole. "Hapa hamna hayo. Hapa pameandikwa mlitukanana."

"Mie nilisema alinisimanga. Aliyeandika akaandika tulitukanana."

"Rudia maneno yake. Polepole."

Kasiani akayarudia. Mfaume akayaandika kama yalivyo, akamsomea, akamwekesha alama ya kidole gumba. Kisha akapanda basi la kwenda Kinondoni.

*

Duka la Mzee Aidarus lilikuwa na rafu ndefu na bidhaa chache. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Kulikuwa na chupa za chai za Kichina, vyano vya Kichina, taa za Kichina, na safu nzima ya vikopo vyekundu vya dawa ya kuchua, vya Kichina pia. Mzee mwenyewe alikaa nyuma ya meza na tasbihi, kofia ya mkono kichwani. Wazee wake walitoka Hadhramauti, na wengine wa ukoo huo huo walishukia Singapuri badala ya Dar es Salaam. Ndiyo maana Jamali alikwenda kwake kuipanga safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sajini. Kama umekuja kutafuta sukari, hata mie naitafuta."

"Nimekuja kutafuta Singapuri."

Mzee akacheka, akamsogezea kigoda. "Hiyo ninayo. Nilikwenda mwaka wa sitini na moja, nikakaa mwezi kwa Sayyid Alwi, mtoto wa ami yangu. Ana nyumba ya wageni mtaa wa Waarabu. Jamali alikuja hapa wiki nzima, na daftari lake. Kila nilichosema anaandika."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mambo ya mtu asiye na fedha. Usipande teksi, panda basi, na uwe na sarafu ndogo mkononi maana kondakta wa kule hana subira. Chukua korosho za kutosha, ndizo chakula cha njiani na ndizo zawadi. Asubuhi kula wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, unashiba mpaka adhuhuri. Chumba omba cha juu, cha nyuma. Kidogo kama kabati, lakini bei yake ya yatima." Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha safiri. "Sajini, mji ule haulali wala haunyamazi. Ila alfajiri pale juu ya dari ni raha. Nilikuwa naswali na Sayyid, bega kwa bega, halafu tunakaa kwenye mswala tunavuta uradi mpaka jua linatoka, linatuchoma visogo. Tukishuka chini tunakuta supu ya mbuzi."

Mfaume aliandika yote, hata supu. "Aliporudi alikuja?"

"Jumatatu asubuhi. Akaniletea salamu za Sayyid na zawadi." Mzee akainua kikopo chekundu kutoka mezani.

Mfaume akakitazama kikopo, akaitazama rafu. Mzee naye akaitazama rafu.

"Ni vile vile," Mfaume alisema.

"Ni vile vile. Lakini zawadi haikaguliwi, mwanangu."

"Hukuona ajabu?"

"Niliona. Nikasema moyoni, masikini, fedha zimemwishia, kanunua cha bei ndogo. Mchina anauza dunia nzima."

Hilo lilikuwa kweli, na Mfaume alilijua. Kikopo hakiwezi kusimama mahakamani. Wakili yeyote angekipiga teke kikaanguka. Akashukuru, akakiazima kikopo, akauliza nyumba ya Jamali, akaonyeshwa: mtaa wa tatu, mlango wa kijani.

*

Jamali Fakihi alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa umri wa miaka arobaini, mnene kiasi, shati la mikono mifupi limenyooshwa. Alimtilia maji ya ukwaju, akauzima muziki wa redio kubwa ya mbao iliyokuwa kwenye kabati.

"Uliza, Ndugu Sajini. Gregori alikuwa ndugu yangu. Huyo kijana nilimwonya marehemu, nikamwambia ana hasira."

"Nieleze safari yako. Nataka faili liwe kamili."

Jamali akaieleza. Alieleza kwa mpangilio, na Mfaume alikuwa na lile daftari la safari mapajani, limefunikwa na jalada, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Basi lilikuwa lile lile. Sarafu ndogo zilikuwa mkononi. Korosho zilitosha. Wali ulikuwa kwenye jani la mgomba, na chumba kilikuwa cha juu, cha nyuma. Siku ya kwanza mtaa wa wauza vitu vya kale, siku ya pili bandarini kwenye maduka ya mabaharia, siku ya tatu hoteli za Wazungu, siku ya nne mapumziko.

"Hakuna lililoharibika?" Mfaume aliuliza.

"Hakuna."

"Basi halikukupita, hukupotea njia, tumbo halikukuuma?"

"Mipango, Sajini. Safari ni mipango."

"Una bahati. Mie nikienda Morogoro kumwona shangazi, basi linafia Chalinze na kuku wangu anaibiwa."

Jamali akacheka. "Tatizo lilinikuta hapa hapa kwetu. Nashuka uwanjani, napanda basi, pasipoti ikaibiwa pamoja na mkoba. Niliripoti siku ile ile."

"Taarifa yako nimeiona. Uliizungukia muda gani hiyo pasipoti?"

"Miezi minane. Leo karatasi ya kodi, kesho kibali cha benki, kesho kutwa chanjo. Ni rahisi zaidi kupata mke wa pili."

Adhana ya alasiri ikaingia dirishani. Mfaume akaomba maji ya kutawadha. Jamali akamletea birika, kisha akatandika mkeka sakafuni, ukielekea kaskazini, na wakaswali, Jamali mbele kidogo kwa kuwa ni mwenye nyumba. Jua lilikuwa limeshuka upande wa machweo. Lilipita katikati ya pazia likawapiga wote wawili shavu la kushoto. Walipotoa salamu, Mfaume hakuinuka. Alibaki amekaa, akajipangusa jasho la shavuni.

"Hili jua lenu la Kinondoni kali."

"Zoea. Nyumba haina kivuli."

"Na kule? Mzee Aidarus anasema alfajiri juu ya dari ni raha."

Jamali akakaa vizuri kwenye mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kueleza, hakuwa na haraka. "Usiniambie. Ijumaa alfajiri tuliswali kule juu, mimi na Sayyid Alwi mwenyewe, bega kwa bega. Tukakaa tukivuta uradi. Kimya kabisa, mji wote uko chini yako. Mara jua hilo linachomoza, jekundu, linanipiga shavu hili." Akaligusa shavu lake la kulia. "Nikasema kimoyomoyo, dunia ni moja. Asubuhi jua kulia, jioni kushoto, kama hapa nyumbani."

"Shavu la kulia."

"La kulia."

"Na Sayyid alikuwa ubavuni mwako, mmeelekea pamoja."

"Nimekwambia, bega kwa bega."

Mfaume akaandika. Akamsomea. Jamali akatikisa kichwa kukubali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mipango, akatia sahihi.

Ndipo Mfaume akasogea pembeni, pale mkeka ulipoishia na saruji ilipoanza. Akaweka kikopo cha dawa ya kuchua juu, kalamu yake chini ya kikopo, na daftari la safari mbali kabisa, mkono wa kulia.

"Nisamehe kwa kukuuliza tungali kwenye mkeka," alisema. "Mie shule niliiacha darasa la tano, lakini ramani ilikuwa ukutani. Kikopo hiki ni Makka. Kalamu ni sie. Makka iko juu yetu, ndiyo maana tunatazama kaskazini na jua la asubuhi linatupiga kulia. Sasa Singapuri ni hili daftari. Iko huku, mawio, mwisho wa bahari. Mtu aliye hapo kwenye daftari akitaka kuitazama Makka, anatazama wapi?"

Jamali alikitazama kikopo.

"Anatazama machweo," Mfaume alisema. "Jua la asubuhi linamchoma kisogo. Mzee Aidarus kaniambia bila kuulizwa. Nawe alikwambia, ila hukuandika. Uliandika nauli na wali."

"Nimechanganya, Sajini. Ni jambo dogo. Mgeni anaweza kukosea kibla."

"Mgeni anaweza. Sayyid Alwi kazaliwa kule. Naye alikosea?"

Nje mwanamke alikuwa akitwanga, na mchi ulisikika mara tatu, nne, kabla Jamali hajasema: "Huwezi kumfunga mtu kwa shavu."

"Siwezi. Lakini naweza kupekua nyumba yake."

Mfaume alifungua dirisha, akamtuma yule mwanamke aliyekuwa akitwanga kwenda kumwita balozi wa nyumba kumi, maana upekuzi bila shahidi ni wizi. Balozi alikuwa Mama Anjelina, mjane mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliingia, akamtazama Jamali kwenye mkeka, akamtazama Mfaume.

"Kafanya nini?"

"Ndiyo tunatafuta, mama. Tunatafuta pasipoti."

"Si aliibiwa? Mtaa mzima tulimpa pole."

"Mtu aliyezunguka miezi minane hachomi pasipoti wala haitupi. Anaificha, aseme imeibiwa, angojee watu wasahau." Mfaume alisema hayo akimtazama Jamali, si kabati, si kitanda, si dari. Alimtazama mpaka macho ya Jamali yakachoka kukaa mahali pamoja, yakaenda na kurudi. Yalikwenda kwenye redio.

Ubao wa nyuma wa redio ulikuwa na skrubu nne. Tatu zilikuwa na vumbi la miaka. Moja ilikuwa inang'aa. Mama Anjelina aliishika taa ya mkononi huku Mfaume akifungua. Pasipoti ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, nyuma ya spika. Mfaume aliifungua mbele ya balozi, ukurasa kwa ukurasa. Mihuri ya kutoka Dar es Salaam na ya kuingia Nairobi ilikuwepo, tarehe sawasawa. Baada ya hiyo kurasa zilikuwa nyeupe mpaka mwisho.

"Umeona, mama?"

"Nimeona Singapuri hamna."

"Andika hivyo hivyo."

Mama Anjelina akaandika. Mfaume akakaa mbele ya Jamali, safari hii kwenye kiti.

"Ulifika Nairobi, ukaviuza vinyago na fedha za kigeni ulizopewa na benki, ukarudi kwa basi, mpakani ukapita njia ya panya. Hilo ni la wengine kulichunguza. Mie nauliza moja tu. Bunju ulijificha kwa nani?"

Jamali akainua uso. "Nani kasema Bunju?"

"Gregori. Alhamisi alitoka Bunju, akamwambia mpwa wake Singapuri ni karibu, hata pasipoti haihitajiki. Mpwa akadhani anasimangwa."

Jamali alipoanza kusema, aliuambia mkeka.

"Kwenye shamba la shemeji. Yeye yuko Tanga. Nilipanga kila kitu, Sajini. Nilipanga zawadi, nilipanga siku ya kurudi. Sikupanga unga. Siku ya tatu nikaenda duka la kijiji, nikapanga foleni. Watu kama arobaini, hakuna anayenijua. Naguswa bega, nageuka, Gregori. Anangojea lori la magogo."

"Akasemaje?"

"Alisimama pembeni mpaka nikapata unga wangu. Ndipo akaniambia, Jamali, umerudi lini?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Kesho yake jioni nilimfuata Mtoni kumwomba anyamaze. Akasema Jumamosi anakwenda polisi. Tezo lilikuwa pale kwenye kigogo. Sikujua ni la nani."

"Ukaliosha."

"Lilikuwa na damu."

"Kwa maji?"

Jamali akamtazama kama ameulizwa swali la kijinga. "Damu inaoshwa kwa nini, Sajini, kama si maji?"

Mfaume akaliandika hilo pia. Watu arobaini wa foleni ya unga, atakosaje mmoja anayeikumbuka sura hii? Akamfunga pingu, Mama Anjelina akawafungulia mlango wa kijani.

*

Mkaguzi Ansbert alisoma maelezo akiwa amesimama, akarudi nyuma akasoma tena habari ya kikopo na kalamu. Hakufanya mzaha. Alisema atampigia mwendesha mashtaka usiku huo huo nyumbani kwake, na Jumatatu shauri la Kasiani litaondolewa.

Yustina alikuwa bado ukumbini, anangojea sufuria lake.

"Jumatatu saa tatu uje mahakamani," Mfaume alimwambia. "Uchukue viatu vyake hapa kaunta. Atarudi nyumbani kwa miguu yake."

Yustina akaifungua kanga na kuifunga upya, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu.

Mahabusu, Kasiani alikuwa amekaa ukutani, sufuria tupu pembeni. Mfaume akamweleza yote kwa maneno machache: Jamali, Bunju, foleni, tezo. Kijana alisikiliza bila kujongea.

"Yale maneno ya Alhamisi," Mfaume alimalizia, "mjomba wako hakuwa anakusimanga. Alikuwa anakupa habari."

Kasiani aliyapitia maneno yale midomoni, bila sauti, moja moja.

"Angenieleza basi," alisema mwishowe.

"Ungekaa, angekueleza."

Mfaume akaokota sufuria, akalipeleka ukumbini kwa mwenyewe.